Maswali ya Wasomaji: Mtu wa Tukuyu katika treni ya vita

SWALI: Shikamoo mhariri. Katika ukoo wetu, ambao asili yake ni Tukuyu, tumerithishana habari kwamba baba wa babu yangu alikuwa dereva wa treni ya vita wakati Mjerumani na Mwingereza walipopigana hapa nchini. Bibi alitusimulia kwamba mzee huyo alirudi nyumbani baada ya vita akiwa na kovu la moto lililoanzia kwenye kiwiko cha mkono wa kulia hadi vidoleni, na kwamba alipenda kusema jinsi walivyopakia askari Moshi, wakaendesha usiku kucha, na walipokaribia Tanga wakasikia bunduki zinalia. Baba yangu mdogo anasema hizo ni hadithi za kutunga, kwa kuwa huku kwetu hakukuwa na reli mpaka TAZARA ilipojengwa. Naomba mtuamue. Je, iliwezekana mtu wa kwetu kuendesha treni ya vita, na dereva wa treni ya namna hiyo alifanya kazi gani hasa?
Mjukuu, Iyunga, Mbeya

JIBU: Marahaba. Baba yako mdogo yuko sahihi kuhusu reli, lakini amemhukumu mzee kwa haraka. Mwaka 1914 hapakuwa na hata taruma moja la treni kati ya Iringa na Ziwa Nyasa, na mji wa Mbeya wenyewe ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Reli kubwa za koloni zilikuwa mbili, zote mbali na kwetu. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911 ikiwa na urefu wa kilometa 352. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Maelfu ya vibarua walizijenga na kuzitunza, na kijana wa Nyanda za Juu Kusini aliyehitaji fedha ya kodi alikwenda kuitafuta palipokuwa na kazi, ama katika mashamba ya mkonge ama katika magenge ya reli. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama treni ilifika Tukuyu, bali kama mtu wa Tukuyu aliifikia treni, na hilo liliwezekana kabisa.

Penye shaka ni katika neno dereva. Katika barua tunazopokea, kila babu aliyewahi kupanda juu ya kichwa cha treni huwa dereva, na hatuna haja ya kugombana na wajukuu kwa jambo hilo. Lakini kichwa cha mvuke kiliendeshwa na watu wawili au watatu, kila mmoja na kazi yake. Dereva alishika mvuke, breki na filimbi. Fayamani alichochea moto na kuangalia maji, na mara nyingi alikuwa na msaidizi wa kumrushia kuni, kwa kuwa vichwa vya wakati huo katika nchi hizi vilikula kuni kwa wingi, na makaa ya mawe yalilazimika kuvuka bahari ambayo manowari za Mwingereza zilikuwa zimeifunga. Ukaburu na ukoloni wa siku zile uliwaweka Wazungu, na katika reli ya Uganda, ya Mwingereza, Wahindi pia, kwenye nafasi ya dereva, huku Waafrika wengi wakiwekwa kwenye tanuri. Ninaposoma habari za kovu la mkono wa kulia kuanzia kiwikoni hadi vidoleni, naona mkono wa fayamani.

Nitaeleza sababu. Moto wa kichwa cha mvuke huvutwa na mvuke uliokwisha kufanya kazi, unapotoka kwa nguvu kupitia bomba la moshi. Ndiyo maana treni inayopanda mlima hupumua kwa kishindo, na kila pumzi inavuta hewa kupita motoni. Dereva akifunga mvuke ghafla, labda kwa sababu ameona jambo mbele ya reli, mvuto ule hukatika. Kuna mvuke mdogo wa kusaidia ambao anapaswa kuufungua kwanza ili moto uendelee kuvutwa, lakini mtu aliyeshtuka husahau. Fayamani akiwa wakati huohuo amefungua mlango wa tanuri na ameunyoosha mkono wenye gogo, ndimi za moto hurudi nyuma na kumrukia. Katika safari ya kawaida jambo hilo lilikuwa nadra, lakini katika safari ya vita, ambapo dereva alifunga mvuke kila alipoona kokoto zimechezewa, hatari yake iliongezeka.

Mzee mmoja aliyeendesha vichwa vya mvuke katika Reli ya Kati, ambaye sasa amejenga Makambako, aliwahi kunionyesha jambo la pili ambalo watu wa treni waliliogopa kuliko risasi. Tulikuwa tunakunywa chai. Alichukua glasi yake, ambayo ilikuwa nusu, akaiinamisha polepole mpaka chai ikafika ukingoni upande mmoja na upande wa pili ukabaki mkavu. "Hapa tunapanda," akasema, "na kioo cha maji kinanidanganya." Mbele ya dereva kulikuwa na mrija wa kioo ulioonyesha kina cha maji ndani ya boila. Treni ikipanda, maji hurudi nyuma, upande wa tanuri, na kioo huonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Treni ikivuka kilele na kuanza kuteremka, maji hukimbilia mbele, na paa la tanuri, ambalo lazima lifunikwe na maji wakati wote, linaweza kubaki wazi juu ya moto mkali. Katika paa hilo kuna plagi yenye madini ya risasi. Paa likipata joto kupita kiasi, madini huyeyuka, mvuke humwagika juu ya moto, na treni husimama hapohapo ilipo. Plagi isipoyeyuka, boila hupasuka. Mzee akaiweka glasi mezani akaongeza kwamba plagi ikiyeyuka wakati wa amani utaandikiwa barua na mkuu wako, na kwamba hakutaka hata kufikiria ingekuwaje wakati wa vita, mahali ambapo adui anangoja usimame.

Sasa tuje kwenye ile safari ya usiku, kwa sababu ndiyo inayonifanya nimwamini mzee wenu. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Mwingereza zilifika mbele ya Tanga zikiwa na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Sehemu kubwa ya jeshi la Mjerumani ilikuwa Moshi, ikilinda upande wa Kilimanjaro. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na njia nyingine ya kuwahi isipokuwa reli, na reli yenyewe ilikuwa ya njia moja yenye vichwa vichache. Treni moja iliweza kubeba kombania moja pamoja na mizigo yake, au kombania mbili zikiacha mizigo na wapagazi. Fikiria maana yake kwa mtu aliyekuwa kwenye tanuri: treni iliyoshusha askari ilibidi irudi kuchukua wengine, na treni zinazopanda zilibidi zipishane na zinazoshuka kwenye stesheni tu, usiku, huku kila dakika ya kungojana ikihesabiwa. Vikosi vya kwanza vilifika asubuhi ya tarehe 3, mapigano yakiwa yameshaanza. Kamanda mwenyewe alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, siku ya mapigano makubwa, na tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakiwa wameshindwa. Askari wa upande wa Mjerumani walikuwa kama 1,000. Vitabu vimemsifu kamanda kwa ushindi ule, nami simnyimi haki yake, lakini bila wachochea moto waliokaa macho usiku ule angefika Tanga kukuta bendera nyingine. Maneno ya mzee wenu, kwamba walisikia bunduki walipokaribia, yanalingana na jinsi mambo yalivyokwenda.

Umeuliza pia kazi ya dereva wa treni ya vita ilikuwa ipi. Inategemea alikuwa upande gani na katika reli ipi, kwa kuwa si kila reli ya kijeshi ilikuwa ya namna moja. Reli ya Usambara na ile ya Kati zilikuwa reli za abiria na mizigo zilizowekwa chini ya amri ya jeshi, na hata karakana ya Reli ya Kati pale Dar es Salaam iligeuka ya silaha. Manowari ya Mjerumani iitwayo Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, na mafundi wa reli wakaiundia magurudumu ili ivutwe nchi kavu. Lakini reli hizo mbili hazikuunganishwa, na ziliendelea kuwa hivyo hadi mwaka 1963. Kwa sababu hiyo Wajerumani walitandaza njia nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni kwa reli na vitoroli vilivyong'olewa mashambani. Njia hiyo haikuwa na kichwa cha treni, kwani watu ndio waliosukuma.

Upande wa pili wa mpaka, Mwingereza alikuwa na reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Kisumu, na huko ndiko dereva wa treni alikoijua vita kwa karibu zaidi. Vikundi vidogo vya Mjerumani vilitoka upande wa Kilimanjaro, vikakatiza nyika isiyo na maji kwa siku kadhaa, vikafukia baruti chini ya reli na kutoweka. Waingereza wakaanza kuweka mabehewa yaliyojazwa mchanga mbele ya kichwa, ili baruti ilipuke chini ya mchanga badala ya chini ya boila. Wategaji nao wakabadili mtego, ukawa unaruhusu magurudumu ya mwanzo yapite na kulipuka kichwa kinapofika juu yake. Dereva hakuwa na la kufanya zaidi ya kwenda polepole, kuangalia kama kokoto zimepangwa upya, na kusali. Askari aliye vitani anaweza kulala chini au kujificha nyuma ya mti. Dereva hawezi kukwepa hata hatua moja kutoka kwenye reli, na moshi wake unaonekana kutoka mbali.

Kisha kulikuwa na reli ya kijeshi hasa, iliyojengwa na jeshi kwa ajili ya vita tu. Mwaka 1915 kombania za reli za jeshi la India zilianza kuijenga kutoka Voi kuelekea Taveta, mji ambao Wajerumani walikuwa wameuteka mwezi Agosti 1914. Ilifika Maktau katikati ya mwaka huo, ikasogezwa mbele kadiri jeshi lilivyosonga, na baada ya Jenerali Jan Smuts, kamanda wa jeshi la Mwingereza, kuvuka mpaka mwezi Machi 1916 ikaunganishwa na Reli ya Usambara huko Kahe. Kwa bahati njema kwao, reli za pande zote mbili zilikuwa na upana uleule wa mita moja, na hata India kulikuwa na reli za upana huo, kwa hiyo vichwa na mabehewa yaliweza kuletwa kwa meli na kuanza kazi. Tatizo kubwa pale lilikuwa maji. Nyika kati ya Voi na Taveta ni kavu, na maji yalilazimika kuvutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Katika reli ile dereva alibeba maji ya askari na wanyama, na papo hapo kichwa chake mwenyewe kilikuwa na kiu kuliko wote.

Mwaka 1916 Wajerumani walirudi nyuma wakiharibu kila walichokiacha. Katika Reli ya Kati walivunja madaraja mfululizo na kuvitupa vichwa na mabehewa makorongoni. Waingereza walifika Dodoma mwishoni mwa Julai, Morogoro tarehe 26 Agosti na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, wakawa na reli isiyo na treni. Wakatengeneza madaraja ya miti yasiyoweza kubeba kichwa kizito, wakayavalisha malori magurudumu ya chuma, na malori hayo yakakimbia juu ya reli mpaka madaraja ya kweli yalipokamilika. Ikiwa mzee wenu alikuwa bado na Wajerumani wakati huo, hapo ndipo kazi yake ya treni ilipokoma, kwa kuwa kusini ya Reli ya Kati hapakuwa na treni ya kuchochea. Watu wa reli waliobaki nao waligeuka wapagazi au askari, na waliokamatwa waliajiriwa na mabwana wapya.

Usimtafute katika orodha za askari peke yake. Wahindi wa zile kombania za reli walikuwa wanajeshi kamili, lakini wafanyakazi wengi wa reli za kawaida walibaki raia walioajiriwa na reli hata risasi zilipopita juu ya vichwa vyao. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowakumbuka askari, yakawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yakawajumlisha watu wengine wote waliotumika na kufa. Mtu wa treni yumo katika hao wengine wote. Majalada ya serikali ya Mjerumani yaliyosalia yamehifadhiwa katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengi yameandikwa kwa Kijerumani cha mkono wa zamani, hivyo nenda na mtu anayekisoma. Na lile kovu liandikeni kama bibi alivyolieleza, mkono upi na kutoka wapi hadi wapi, kabla wanaolikumbuka hawajaisha.

SWALI: Kama jeshi liliweza kujenga reli ya vita kutoka Voi hadi Kahe, kwa nini halikujenga nyingine huku Iringa na Njombe, ambako vita ilipiganwa pia? Na mizigo yao ilifikaje?
Mwalimu mstaafu, Iringa

JIBU: Mwalimu, reli ya Voi ilianza kwenye reli nyingine iliyounganishwa na bandari ya Mombasa. Jenerali Edward Northey wa Mwingereza, aliyevuka mpaka kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (leo Malawi na Zambia) mwezi Mei 1916, akaichukua Tukuyu na hatimaye kuingia Iringa tarehe 29 Agosti, hakuwa na reli ya kuanzia popote karibu. Upande wa Nyasaland mizigo ilipanda mto Zambezi, ikapakiwa treni fupi hadi Blantyre, ikaenda kwa barabara mpaka ziwani, ikavuka Ziwa Nyasa kwa meli, na kuanzia ufukweni ikabebwa vichwani. Upande wa Rhodesia ilipigiwa makasia katika mitumbwi kupitia Ziwa Bangweulu na mto Chambeshi, kisha ikabebwa vichwani vilevile.

Hebu tufanye hesabu kama ulivyokuwa ukiwafanyisha wanafunzi. Treni ndogo ya tani 100 hubeba mzigo wa wapagazi 4,000, ikiwa kila mmoja anabeba kilo 25. Treni ile hula kuni na maji. Mpagazi hula chakula, na kama posho yake ni kilo moja kwa siku na hakipati njiani, basi akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi atakuwa amekula kilo 24 kati ya zile 25, na askari anayengojea mbele atapokea kilo moja. Ndiyo maana vijiji vya Ubena, Uhehe na Unyakyusa vilinyang'anywa chakula na pande zote mbili, na ndiyo maana wapagazi waliokufa, wengi kwa njaa na kuhara, ni makumi ya maelfu, kuliko askari waliokufa kwa risasi. Makaburi ya vita pale Iringa mjini yanatunzwa vizuri, lakini wapagazi wengi walizikwa kando ya njia walizopita, pasipo alama.

SWALI: Je, TAZARA iliwahi kuwa reli ya kijeshi?
Msomaji, Makambako

JIBU: Hapana. Ilijengwa kwa mkopo wa China kuanzia mwaka 1970 ili Zambia ipate njia ya bahari isiyopita katika nchi za walowezi, ikakabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilometa 1,860. Madereva wake walikuwa raia. Vita iliwafuata hata hivyo, kwani mwezi Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia (leo Zimbabwe) walilipua madaraja ya Chambeshi, la barabara na la reli, ili Zambia ilazimike kutegemea njia ya kusini. Mto huo ndio uleule wa mitumbwi niliomtajia mwalimu wa Iringa. Karibu na darajani kuna mnara unaoonyesha mahali ambapo tarehe 14 Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck, akiwa amewakwepa Waingereza kwa miguu kwa miaka miwili tangu alipoiacha reli, alipata habari kwamba vita ilikuwa imekwisha Ulaya siku tatu kabla.